Alianguka Mikononi mwa Mwalimu

Kabla simu hazijaingia darasani, somo la kuwakinga wagonjwa wasianguke lilikuwa mali ya Mukarugwiza. Hakuna aliyemkabidhi, lakini katika chuo kile cha uuguzi cha Remera, jijini Kigali, kila mtu alijua hivyo. Alikuwa akijifunga kanga kuukuu, akapanda kitanda cha chumba cha mazoezi, akajigeuza bibi mwenye kizunguzungu anayetaka kwenda msalani na hataki kusaidiwa. Alilalamika, alinung'unika, mara akajitupa pembeni bila kutazamiwa, na mwanafunzi aliyesahau kufunga breki za kitanda alijikuta yuko sakafuni amemkumbatia mwalimu wake. Darasa lilicheka mpaka machozi. Breki hazikusahauliwa tena.

Alilelewa Ngara, upande wa Tanzania, na wazazi wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa msichana, akafanya kazi wodini miaka mingi ndipo akaanza kufundisha. Wauguzi waliopita mikononi mwake walitapakaa kila hospitali ya Kigali. Akiwa sokoni, akiwa kanisani, hakukosa mtu wa kumwita "Madamu" na kumpokea mzigo. Hilo alilipenda kupita kiasi, ingawa asingekubali kulisema.

Kisha akaja Ariane.

Ariane naye alikuwa mwanafunzi wake, tena yule wa kukaa mstari wa mbele. Alikwenda kusoma zaidi, akarudi chuoni kuwa mwalimu. Wakati huo wanafunzi walikuwa wameongezeka sana na walimu walikuwa walewale, kwa hiyo mkuu wa chuo, Bwana Nkusi, akataka masomo mengine yahamie mtandaoni. Ariane aliombwa aanze na moja. Akachagua lile la wagonjwa kuanguka.

Akatengeneza wodi nzima ndani ya simu. Mwanafunzi alifungua somo akiwa nyumbani, akamkuta mgonjwa kitandani, na yeye ndiye aliyeamua la kufanya: ashushe kitanda, asogeze kengele karibu na mkono wa mgonjwa, afute maji sakafuni, amkalishe kidogo ukingoni kabla ya kumsimamisha. Akikosea, mgonjwa wa kwenye simu alianguka mbele ya macho yake, na ilibidi aanze upya. Wanafunzi walishindana. Walicheza somo lile kantini huku wakila chapati, wakazomeana na kufundishana.

Siku Mukarugwiza alipoingia chumba cha mazoezi na kanga yake, alikuta kila swali limekwisha kujibiwa kabla hajaliuliza. Alipojitupa pembeni, wanafunzi wawili walikuwa tayari wamesimama upande huohuo, mikono wazi. Walimdaka vizuri, wakamrudisha kitandani kwa adabu. Hakuna aliyecheka. Alijiona kama mpishi anayewapakulia watu walioshiba.

Kwenye kikao cha walimu, Bwana Nkusi alimsifu Ariane mbele ya wote. Ariane akainuka, akasema kwa sauti yake ya upole, "Mengi niliyoweka mle nilijifunza kwa Madamu Mukarugwiza." Watu wakapiga makofi, wakamgeukia Mukarugwiza kwa tabasamu. Naye alitabasamu. Lakini ndani yake maneno yale yalimchoma kuliko kama angesahauliwa kabisa. Aliona amerushiwa makombo ya sahani yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo alianza kufanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Jumapili, wakitoka kanisani, alijifungia chumbani nyumbani kwao Gikondo, akaweka spika za masikioni na kulipitia somo la Ariane, akitafuta kosa. Alilipitia tena na tena. Alimsikia Ariane akisema, "Usimkataze mgonjwa kuinuka, muulize anainukia nini," akayatambua maneno yale kuwa yake, neno kwa neno, na kwa hasira akarudisha nyuma ayasikie tena. Kosa hakuliona. Mume wake, Conrad, alipogonga mlango kuuliza chakula, alimjibu kwamba anasali.

Conrad alikuwa fundi wa magari, na gereji yake haikuwa mbali na nyumba. Ni huko gereji ambako giaboksi lilimponyoka fundi mwenzake likamwangukia Conrad mguuni na kumvunja mfupa chini ya goti. Alipelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma, akaambiwa mguu ule usikanyage chini mpaka daktari aseme.

Wodini walimkuta Shakira, mwanafunzi wa chuo chao aliyekuwa hapo kwa mazoezi, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kwa sababu ndicho kilichozungumzwa kwao, na Conrad, aliyekulia Kagera, alifurahi kupata wa kuongea naye.

"Mama Mugeni," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "huyu binti ananishangaza. Kabla hajaondoka ananiuliza kama nataka haja, kama maji yako karibu, kama kengele naifikia. Yaani anajua shida yangu kabla sijaijua mimi."

Mukarugwiza alimtazama Shakira. Kengele ilikuwa mahali pake. Kitanda kilikuwa chini. Kandambili zilikuwa zimeondolewa, na badala yake palikuwa na viatu vyenye soli isiyoteleza.

"Nani kakufundisha hivi?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Madamu Ariane, kwenye simu," Shakira akasema kwa furaha. Kisha akakumbuka adabu. "Na wewe pia, Madamu. Ulitupitisha darasani."

Na wewe pia. Mukarugwiza aliyachukua maneno hayo mpaka nyumbani, akala nayo, akaamka nayo.

Alasiri moja, saa ya kuona wagonjwa, Conrad alisema anataka kwenda msalani. Shakira alikuwa hapo karibu. "Subiri kidogo, mzee," akasema. "Nilete fremu ya kutembelea na mwenzangu mmoja. Tunakuwa wawili. Kwanza ukae ukingoni, kichwa kitulie. Narudi sasa hivi." Akatoka.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Watoto wa siku hizi wamefundishwa," akasema.

Ni hapo Mukarugwiza aliposimama. Hakuwa na haraka, na Conrad hakuwa amezidiwa. Alitaka tu Shakira akirudi na fremu yake akute kazi imekwisha, na yule mgonjwa wa pili ajue nani amefundishwa na nani amefundisha. "Twende," alimwambia mumewe. "Nimewainua wagonjwa kabla huyo hajazaliwa."

"Amesema tusubiri," Conrad alisema.

"Mimi ndiye ninayewafundisha kusubiri."

Akamshika makwapani, akamvuta akasimama mara moja kutoka kulala. Conrad alisimama kwa mguu mmoja, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka usoni na rangi nayo. Dawa za maumivu na kulala siku nyingi vilikuwa vimeinyang'anya damu yake nguvu ya kupanda. Akalegea. Mukarugwiza aliuhisi uzito wote wa mwanamume wake ukimjia kifuani, akajaribu kumrudisha kitandani, miguu yake mwenyewe ikateleza, na Conrad akamponyoka. Aliangukia mkono, akajigonga kwenye kabati dogo la dawa, na ule mguu wenye vyuma ukapinda chini yake.

Shakira alifika na fremu, mwenzake nyuma yake. Muuguzi mkuu wa wodi, Ndayisaba, alifika akikimbia. Walimwinua Conrad kwa utaratibu, wakamlaza. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba tayari.

"Mwanafunzi alikuwa wapi?" Ndayisaba aliuliza.

Conrad alimtazama mkewe, akaona uso wake. "Niliinuka mwenyewe," akasema. "Mke wangu alijaribu kunizuia."

Ndayisaba akamgeukia Shakira. "Ulimwacha mgonjwa huyu peke yake?"

Shakira alifungua mdomo, akamtazama mwalimu wake, akaufunga. Yule mgonjwa wa pili akageukia ukutani. Na Mukarugwiza, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, akainama kuokota blanketi.

Picha ilionyesha mkono umevunjika. Mguu, kwa bahati, vyuma vilishika, lakini kidonda kilifumuka na ikabidi kishonwe upya.

Kesho yake Bwana Nkusi aliwaita Mukarugwiza na Ariane ofisini. Hospitali ilikuwa imelalamika. Ndayisaba alikuwa amesema wazi kwamba hataki wodini kwake wanafunzi waliofundishwa na simu, kwa sababu simu haijui uzito wa mtu. Shakira aliondolewa kwenye mazoezi. Bwana Nkusi alisema somo la Ariane lisimamishwe kwanza, mpaka mambo yaeleweke.

Ariane alikaa ncha ya kiti, mikono mapajani. Hakujitetea. Machozi yalimdondoka akayafuta kwa kiganja, kama mtoto. Na Mukarugwiza, akimtazama, alihisi utamu. Hakujidanganya, ulikuwa utamu kabisa, kama wa mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Aliona tayari chumba cha mazoezi kimejaa, kanga yake, vicheko.

"Madamu, wewe ulikuwepo," Nkusi akasema. "Ilikuwaje?"

"Mambo yalitokea haraka," alijibu.

Alipofika hospitali, alimkuta Shakira kwenye korido, bila sare, kavaa gauni na mtandio wa kawaida. Alikuwa akimsubiri.

"Madamu, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nimefikiria sana. Kosa langu ni kutoka mimi. Ningebaki na mzee, nikakuomba wewe ukalete fremu. Somo linasema usimwache mgonjwa aliyekwisha kusema anataka haja. Mimi nilimwacha."

Mukarugwiza alitafuta kejeli usoni pa binti yule. Hakuiona. Shakira alikuwa ameipima kazi yake mwenyewe kwa uaminifu, akaona upungufu, akaja kuulipia.

"Kwa nini hukumwambia Ndayisaba?"

"Ningesema nini? Wewe ni mwalimu wangu. Na mzee mwenyewe alisema ameinuka peke yake."

 Mukarugwiza aliingia wodini, akakaa kando ya Conrad, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa katika plasta.

"Wamemfukuza?" Conrad aliuliza.

"Wamemwondoa."

Conrad alimgeukia. "Nilisema uongo kukuficha wewe, Mama Mugeni. Uso wako ulinitia huruma. Sikujua nitakuwa nimemuuza mtoto wa watu." Akavuta pumzi. "Lakini niambie. Ulikuwa na nini siku ile? Sijawahi kukuona ukimwinua mgonjwa hivyo."

"Wivu," akasema. Neno lilitoka jepesi, likamshtua. "Nilimwonea wivu Ariane. Na huyu mtoto pia, kwa sababu alifanya vizuri na sifa haikuwa yangu."

Conrad hakumlaumu wala kumfariji. "Basi nenda," alisema tu.

Alianza kwa Ndayisaba, aliyekuwa akipanga dawa. Alimweleza yote akiwa amesimama. Ndayisaba alimsikiliza mpaka mwisho, uso ukiwa mgumu, akasema, "Mama, wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha nyumbani." Mukarugwiza akajibu kwamba angekuwa sahihi. Kisha akapanda pikipiki mpaka Remera, akarudia maneno yaleyale mbele ya Nkusi, na safari hii Ariane alikuwepo.

Shakira alirudishwa wodini. Somo likafunguliwa. Mukarugwiza alipewa onyo, akaondolewa kusimamia wanafunzi hospitalini mpaka muhula uishe. Habari zilienea, na sokoni bado walimwita "Madamu," lakini wengine walimwita na kuendelea na safari zao.

Ariane hakumsamehe upesi. Alimfuata siku hiyohiyo kwenye ngazi. "Kunionea wivu naweza kuelewa," alisema. "Lakini ulikaa pale ukanitazama nikilia, na ulikuwa unajua." Mukarugwiza alikubali kwa kichwa. Ariane akashuka ngazi.

Wiki zikapita wakisalimiana kwa mbali. Conrad alirudi nyumbani, akajifunza kula kwa mkono wa kushoto. Kisha siku moja Ariane akaja Gikondo, akakaa sebuleni bila kuegemea, akaeleza shida yake. Katika wodi aliyoitengeneza kulikuwa na mgonjwa na muuguzi tu. Hakuweka ndugu. Na katika wodi zetu ndugu ndio wanaoshinda na mgonjwa, ndio wanaomlisha, na mara nyingi ndio wanaomwinua muuguzi akigeuka. Somo lilikuwa na pengo.

"Hilo ndilo kosa nililokuwa nikilitafuta," Mukarugwiza akasema kabla hajajizuia.

Ariane alimkazia macho. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazi, kitu kama kicheko kilimpita usoni. "Na ulilipata kwa njia mbaya," alisema.

Walirekodi kwenye chumba cha mazoezi. Conrad alikubali kuwa mgonjwa, akilalamika kwamba fani hiyo anaijua sasa. Shakira alikuwa muuguzi. Mukarugwiza alikuwa ndugu wa mgonjwa, na alipaswa kujifunza kumsikiliza muuguzi na kusubiri fremu. Ariane alisimama nyuma ya kamera akiwaamuru warudie, huyu asogee, yule apunguze sauti, na kila alipoamuru Mukarugwiza alihisi kile kitu kikimtambaa tena kifuani. Hakikuwa kimekufa. Alikiacha kitambae, akarudia alichoambiwa.

Walipofika sehemu ya kuwaeleza wanafunzi, Ariane alisoma maandishi yake kwa sauti: "Ndugu wa mgonjwa huwa hasubiri kwa sababu ana haraka."

"Hapana," Mukarugwiza alisema. "Si haraka."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba wengine hawapendi kuelekezwa na mtoto. Ndugu wa namna hiyo usimwamuru. Mpe kazi. Mwambie ashike fremu."

Shakira aliinamisha macho. Ariane alifikiri kidogo, akafuta sentensi yake, akaanza kuandika.