Vidonge vya Mtu Mmoja

Hadi leo, nikisikia vidonge vikigongana ndani ya mkebe, mkono wangu wa kulia hutafuta kalamu. Ni mazoea ya kijinga, najua, na nimechoka nayo. Lakini nilipokuwa na miaka kumi, mtaani kwetu Eastlands, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila asubuhi kabla ya shule: Mama anameza, mimi natia alama kwenye kadi.

Mama alikuwa na kifua kikuu. Alifanya kibarua cha kupakia sabuni katika kiwanda kimoja Industrial Area, na nyapara wao hakuwa mtu wa kungoja mgonjwa apange foleni kliniki kila siku. Basi Sista, muuguzi wetu, mwanamke mkali mwenye huruma aliyoificha vizuri sana, akakubali kumpa dawa za wiki nzima, mradi pawe na mtu wa kumshuhudia. Akanitazama mimi. "Nekesa, usitie alama mpaka uone koo limepanda na kushuka." Weee, kichwa kilinivimba! Darasani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa na cheo kama hicho.

Dawa zilitoka ng'ambo. Kwenye katoni palikuwa na picha ya mikono miwili ikishikana, na Sista alitueleza kwamba nchi nyingi zimechanga ili watu kama sisi tutibiwe bila kulipa. Nilizipenda nchi hizo zote, hata zile ambazo majina yake yalinishinda kutamka. Kidonge chekundu ndicho kilichotuchekesha. Kiligeuza mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, na kwa kuwa choo kilikuwa cha nyumba sita, Mama alilazimika kuwatangazia majirani mapema wasije wakapiga mayowe.

Kisha Mama Ndinda naye akaanza kukohoa. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkamba, mume wake mchonga vinyago. Yeye na Mama, Mluhya wa Bungoma, walitaniana kutwa nzima na hawakuwahi kunyimana chumvi. Kule kliniki walimpima, wakaukuta ugonjwa, wakamrudisha nyumbani mikono mitupu. Mzigo wa dawa ulikuwa umechelewa. Wakubwa huko nje na hapa kwetu hawajaelewana nani alete nini, Sista alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi siku ile. Walioanza watamaliza, wapya wangoje.

Wangoje mpaka lini? Tulimsikia kupitia ukutani, anakohoa mpaka pumzi inamwishia. Siku ya nne Mama alivigawa vidonge vyake mafungu mawili mezani, fungu moja akalifunga kwa kipande cha gazeti, akaliweka kando ya bakuli la mrenda.

"Mpelekee Mama Ndinda. Na kadi uijaze kama kawaida."

"Lakini Sista alisema..."

"Sista haishi hapa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Haya, nenda kabla mboga haijapoa."

Nikatia alama. Nakiri mbele yenu, niliitia kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Baada ya siku mbili Mama Ndinda alitoka chooni akicheka, akamwita Mama kwa sauti. "Mama Nekesa, njoo uone rangi! Nimeshaanza kupona!" Wakakumbatiana pale penye mfereji wa maji, na mimi nikaamini kwamba mama yangu amewashinda wakubwa wote.

Wiki zikapita hivyo. Mama alipopimwa makohozi tena, ugonjwa ulikuwa bado umejaa tele. Sista akaiinua kadi yangu, safi, haina pengo hata moja. "Ulimwona akimeza?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, polepole. Nikasema ndiyo. Laiti angenichapa! Mama ndiye aliyeniokoa. Alisema ukweli wote pale pale, macho yake sakafuni, na Sista akaketi akafunika uso kwa mikono.

Mama alianza upya, safari hii kwa sindano. Alipona, lakini pafu moja liliharibika na kibarua kikaisha. Mama Ndinda tulimsindikiza kwao Kitui akiwa ndani ya sanduku. Mzigo ulifika majuma matatu baadaye.

Kwa miaka mingi niliamini nimewaumiza wote wawili kwa kalamu yangu. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama kama alijua nusu haiponyi.

"Nilijua. Sista aliniambia siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini?"

"Ulitaka nimeze huku namsikia?"

"Na mimi je? Ungeniacha na nani?"

Nilimkasirikia sana, niwaambie ukweli, kuliko nilivyowahi kuzikasirikia zile nchi. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba swali langu nililipeleka kwa mtu asiyestahili kuulizwa. Wale wanawake wawili waligawana walichokuwa nacho. Waliokuwa na dawa ya kuwatosha wote wawili walikuwa bado mkutanoni, na hakuna mtoto aliyewekwa pale kuwashuhudia.