Siku Nne za Kumtafutia Mama Nafasi

Kaa karibu nikuelezee, wewe unayeishi chumba kimoja na kila jioni unaruka ndoo ndipo ufike kitandani. Najua unavyochoka. Uchovu wa kazi huisha ukilala, lakini ule wa kukosa pa kuweka mguu hauishi, kwa sababu hata kulala kwenyewe kunataka kwanza uhamishe kapu la nguo. Mimi nimeishi hivyo miaka kumi na minne, katika nyumba za wafanyakazi wa chai upande huu wa Kericho. Tunaziita laini, kwa vile zimepangwa msururu mmoja.

Yetu ni chumba cha hatua nne kwa hatua nne. Nyuma yake, ukivuka kijia cha matope, kuna jiko dogo lenye paa lake, mlango wake na kidirisha cha mbao. Watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi tuko wawili tu, mimi na mume wangu. Ungedhani watu wawili wanatosha humo. Watu wanatosha. Vitu ndivyo havitoshi.

Jumatatu moja nikiwa bado shambani, kikapu mgongoni, simu ililia. Ilikuwa hospitali. Mama yangu, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza nyumbani kwake Siongiroi, angeruhusiwa kutoka Ijumaa. Nesi alinieleza polepole, nami nikamwelewa vizuri kuliko nilivyotaka: Mama aletwe kwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, miezi mitatu. Akikosa, nyonga itakakamaa ilivyo na hatatembea tena. Kutoka Siongiroi safari hiyo haiwezekani kwa mtu wa hali yake, na kwake hakuna mtu wa kumshika mkono. Lazima akae kwetu.

Lakini kwa mila yetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Si ugomvi, ni heshima, na Mama ni mtu wa heshima hadi kwenye kucha. Jioni hiyo nilimpigia.

"Nilale mahali nitasikia mkwe wangu akikoroma?" alisema. "Afadhali nirudi kwangu nikatambae."

"Utalala jikoni, Mama. Jiko lina paa lake."

"Jikoni ni sawa. Lakini kama hakuna nafasi, usinidanganye. Nikifika nikute nimebanwa, narudi Siongiroi siku hiyo hiyo."

Sikufanya kitu kingine siku hiyo. Nilikalia jerikeni nikalitazama jiko: magunia mawili ya mahindi, sufuria, majembe, masanduku ya bati ya watoto, vibuyu vya maziwa, viti vilivyovunjika vikingoja fundi ambaye hatukuwahi kumwita. Vyote hivyo vilitakiwa vihamie katika chumba ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Niliona nisimame nikaona nisisimame.

Jumanne nilitoka mizani, tunakopimiwa majani ya chai, saa tisa, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa majani, nikaanza. Hili nakuambia kwa upole kwa sababu nami liliniuma: kazi ya kwanza si kupanga, ni kutoa. Nilitandika turubai chini ya ukingo wa bati, maana mvua ya alasiri huku haikosi, nikatoa kila kitu. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kutoka nyanda za magharibi na mwenye mdomo mwepesi, akasimama kunitazama.

"Haki jirani, mnahama bila kuaga?"

"Hatuhami. Mama anakuja kulala jikoni."

"Na hivi vyote?"

"Vinaingia ndani."

"Ndani gani? Hiyo nyumba yenu ni ya mpira?" Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamweka mtoto wake mgongoni vizuri, akainama, akaanza kunichambulia sufuria. "Hii imetoboka. Hii imetoboka. Hii nayo unaifugia nini?"

Vitu nilivyoshindwa kumjibu vinafanya nini pale, niliviondoa kabisa. Vilijaa toroli.

Jumatano tulipandisha kitanda. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kulisha moto wa tanuri kiwandani, alirudi na vipande vinne vya mawe ya kujengea vilivyobaki penye ujenzi, vya urefu sawa, akaviweka chini ya miguu ya kitanda. Usidharau jambo hili. Kitanda kilichokuwa kinaficha viatu tu sasa kilimeza masanduku mawili ya bati, ndoo tatu za rangi zenye vifuniko nilizotia unga, maharagwe na sukari, na gunia la nguo za baridi. Nikashona shuka kuukuu liwe pazia la kuzunguka, ili macho yapumzike. Usipoviona vitu, hata mwili unatulia kidogo.

"Mama watoto," alisema akikipima kitanda kwa kiuno, "sasa nitahitaji ngazi. Nikianguka usiseme nilikunywa."

"Ukianguka utaangukia unga. Hutaumia."

Tulicheka kidogo tu, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunasinzia tukiwa tumesimama.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kuta. Nyuma ya mlango nilipiga misumari ya makoti na aproni zetu za plastiki. Sufuria nzima nilizitundika kwa ndoano za waya kwenye ufito wa mkaratusi tulioufunga chini ya paa. Magunia ya mahindi niliyainua juu ya vipande vya mbao, yakae mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja. Zingatia hapo kama unaishi kwenye baridi kama sisi: jikoni moshi ulikuwa unayakausha, chumbani hakuna moshi, na ukuta wa mawe unatoa jasho. Vibuyu usivifungie kwenye ndoo. Vitundike pahali penye hewa, la sivyo vitaota ukungu na maziwa yote yataharibika.

Kufikia jioni jiko lilikuwa tupu. Nilifagia, nikapaka ukuta chokaa nyepesi, tukaingiza kitanda chembamba tulichoazima kwa jirani. Nilipaswa kwenda kulala. Lakini nikakumbuka kuni.

Kwetu binti hupimwa kwa kuni zake. Mama akija akute jiko halina kuni kavu, atasema hakulea, hata asiposema kwa mdomo. Nilikuwa na mzigo mkubwa nje, matawi ya michai yaliyopogolewa, mazuri, yanayowaka bila moshi mwingi. Nikayabeba yote. Nikayapanga jikoni toka mlangoni hadi miguuni pa kitanda, yamelingana kama ukuta, hadi kifuani mwangu. Mume wangu aliuliza kama hayazibi njia. Nilipita mimi mwenyewe kwa ubavu nikamwonyesha.

"Unaona? Mtu anapita."

Ijumaa gari la kukodi lilimshusha Mama kwenye kijia. Alikuwa amepungua. Mikononi alishika fremu ya kutembelea, ile ya chuma yenye miguu minne, pana kuliko mabega yake. Mume wangu alimsalimu kutoka mbali, ametazama upande wa chai, nao wakaulizana habari za ng'ombe kama watu wawili wanaoongea na mlima.

Mama akafika mlangoni. Akaingiza fremu. Ikagonga kuni. Akaigeuza ubavu, ikaingia mguu mmoja, ukagota tena. Nilipima kitanda, nilipima magunia, nilipima kila kitu siku tatu mfululizo, na sikuwahi kupima kitu alichokuja nacho.

Alizitazama kuni kwa muda mrefu.

"Kuni nzuri," alisema. "Sasa mimi nilale juu yake?"

"Mama, nitazitoa sasa hivi."

"Nilikuambia usinidanganye. Mwambie dereva asiondoke."

Nikakaa kizingitini nikalia, si kwa sauti, machozi tu ya mtu aliyechoka. Nilimwambia ukweli: kwamba niliziweka kwa sababu yake, asije akasema nina jiko la baridi.

"Nani alikuambia nimekuja kukagua?" Sauti yake ilishuka. "Nimekuja kutembea, mtoto wangu."

Mume wangu alikuwa amesikia. Hakuingia, maana sasa pale palikuwa chumba cha mkwewe. Alizunguka nyuma, akafungua kidirisha cha mbao kutoka nje, akaugeuzia ukuta mgongo, akanyoosha mikono nyuma kupitia dirishani. "Leta," aliita. Nikaanza kumpa kuni, mbili, tatu, naye akazipanga chini ya ukingo wa bati bila kugeuka hata mara moja. Jirani akamletea Mama kiti na chai. Mama akakaa akatusimamia.

"Hizo za chini pia. Usiniachie hata moja ya sifa. Na wewe mkwe, usizibane sana, zipate hewa."

"Ndiyo, Mama," ulijibu ule mgongo dirishani, na jirani akaangua kicheko hadi chai ikamwagika.

Ilituchukua karibu saa nzima. Tulipomaliza, Mama alisimama, akaingiza fremu, akapiga hatua. Kutoka mlangoni hadi kitandani alihesabu kwa sauti hatua saba, akipumzika mara mbili katikati. Hakugonga kitu. Akakaa kitandani, akapapasa blanketi, akasema nimwambie dereva aende.

Kwa hiyo leo, kabla hujapanga hata kijiko, chukua kitu kipana kuliko vyote vinavyopaswa kupita nyumbani mwako, ukipitishe kutoka mlangoni hadi kitandani, na popote kitakapokwama, anzia hapo kutoa.