Rauta ya Ghorofa ya Tatu

Nilipoanza kazi ya ufundi wa mitandao sikuwa na ofisi. Nilikuwa na begi, koleo la waya na mdomo mwingi. Aliyenipa kona ya meza ni mama mmoja mwenye stesheneri chini ya jengo la ghorofa nne, Mchafukoge. Alikuwa na kompyuta tatu, printa moja, na foleni ya vijana waliokuja kuchapa barua na kujaza maombi ya vyuo. Mchana akinunua chapati, ananunua na yangu. Haya nayasema mapema ili ujue ni nani niliyemfanyia nilichomfanyia.

Jengo zima lilitumia intaneti moja, na mimi ndiye niliyeifunga. Chini ya ngazi nilibandika kisanduku kikuu, ambacho kazi yake ni kugawa anwani. Kompyuta ikiwashwa huwa haijui iko wapi. Inauliza kwenye waya: jamani, nani atanipa anwani? Kisanduku kinaijibu: chukua hii, mlango wa kutokea nje ni ule, itumie kwa saa kadhaa kisha uniulize tena. Hapo inaingia mtandaoni bila mtu kugusa kitu. Ubaya wake ni mmoja tu: kompyuta haiulizi anayejibu ni nani. Wakijibu wawili, inamwamini aliyetangulia.

Haya niliyajua vizuri sana, na nilipenda watu wajue kwamba nayajua.

Siku moja jioni, mzee wa Kihindi anayeuza vitenge kwa jumla ghorofa ya tatu aliniomba nimwekee rauta ndogo ya kurusha mtandao hewani, maana simu yake ilikuwa haishiki mtandao vizuri. Nilikuwa na haraka zangu. Nikachomeka waya wa jengo kwenye tundu la rauta lililokuwa karibu, nikajaribu kwa simu yangu, ikakubali, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi jengo likachachamaa. Kompyuta hii inafungua, ile haifungui. Mwenye jengo, Mwarabu mwenye duka la vyombo pale chini, akatukusanya kwenye korido.

"Fundi, tatizo nini?"

Sikuwa najua. Lakini kusema sijui mbele ya wapangaji wote, mimi na majigambo yangu, niliona ni aibu ya mwaka. Nikakumbuka flashi ambazo vijana wa stesheneri walikuja nazo kuchapia, nikajibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: "Stesheneri. Mashine zake zina virusi, zinawavuruga wenzake."

"Basi mkatie mtandao," akasema. "Leo hii hii."

Mama yule hakubishana. Aliniuliza tu, "Kweli mwanangu, ni zangu?" Nikamwambia ndiyo, mama. Nikapiga magoti chini ya meza ile ile aliyonipa kona, nichomoe waya wake. Palikuwa na giza, na yeye akanimulikia kwa simu yake nisijikate. Nyuma yake vijana walikuwa wanakusanya vyeti vyao na kuondoka.

Mtandao haukupona. Alasiri nikapanda kwa mzee wa vitenge, nikaiona rauta niliyomwekea, nikaelewa. Nilichomeka tundu silo, na sikuizuia isigawe anwani kama kile kisanduku kikuu. Kutwa nzima ilikuwa inawajibu watu wa jengo zima, ikiwaelekeza kwenye mlango usiotoka popote. Nikaizima. Kompyuta zikazimwa na kuwashwa, moja baada ya nyingine zikarudi hewani.

"Umeona?" mwenye jengo akanipiga begani. "Ni yule mama."

Nikauchuna. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake mwenye jengo akanipa na mtandao wa jengo lake jingine niutunze, nikajiambia nitasema wiki ijayo. Yule mama aliomba mara mbili arudishiwe waya, akakataliwa. Kabla mwezi haujaisha alifunga duka akahamia Magomeni. Siku ya kuhama nilimsaidia kubeba printa, mnafiki mimi, na akaniombea dua.

Ilipita miaka mitatu ndipo akanipigia simu, nikamtazamie intaneti yake mpya. Nilimkuta chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, mlango wazi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Kompyuta zilikuwa zile zile tatu. Moja inafanya kazi, mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Nje, kwenye benchi, vijana sita walikuwa wanasubiri zamu.

"Hizi mbili zimekufa?" nikauliza.

"Nzima kabisa. Nawasha moja moja, angalau madhara yapungue. Si uliniambia zinawavuruga wenzangu? Na hapa waya tunachangia na jirani. Sitaki kumharibia mtu tena."

Nikavuta kiti nikakaa. Miaka mitatu alikuwa anawapanga watu foleni kwa ajili ya neno nililolisema kwenye korido ili nisionekane mjinga. Nikamweleza yote, rauta, tundu, mkono wa mwenye jengo begani kwangu.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile, mama. Alasiri."

Hakulia, hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliinuka, akavua kitambaa cha kwanza, akakikunja vizuri, akawasha. Akavua cha pili, akawasha. Tukazitazama zikitafuta anwani, na zote mbili zikapata. Kisha akaenda mlangoni, akawaambia vijana, "Ingieni watatu."

Viti havikutosha. Nikainuka nikampisha mmoja wao, nikachukua begi langu, na mama hakuniuliza naenda wapi.