Kitambaa Cheupe cha Wifi

Wifi yangu ana kazi ambayo nikiieleza, watu hunitazama kama nimepungukiwa. Anawapikia watu wazima wanaocheza. Simaanishi mpira wala maigizo ya jukwaani. Ni walimu, makarani wa benki na daktari wa meno mmoja mwenye kitambi, wanaokodi shule ya bweni wakati wa likizo, wakavaa majoho na kushika panga za mbao, wakaishi siku tatu kama raia wa falme zisizokuwepo popote. Watazamaji hakuna. Ukimwita yule daktari wa meno kwa jina lake, hageuki, maana yeye ni mfalme.

Chakula nacho lazima kiingie mchezoni. Watu wa msituni wifi huwaokea mikate ya kijani kwa maji ya mchicha. Waliozingirwa na adui huwapa supu ya maharage na mkate mkavu, wakalalamika kwa raha zao. Mara moja walikuja watu wa nchi ya barafu, akawapikia kila kitu cheupe, viazi, samaki na maziwa, karoti akaziacha nyumbani. Wazo hilo lilikuwa la kaka yangu, mumewe, ambaye hata yai hakujua kulikaanga.

Kaka alikuwa na ugonjwa wa moyo na daktari alimkataza chumvi. Kwao nilikuwa nikienda na kikopo changu cha chumvi kwenye mkoba, nakitoa mezani kwa mbwembwe, kaka anacheka hadi anapaliwa. Wifi alikuwa akinitishia kunifukuza.

Kaka alifariki miezi saba iliyopita. Wifi hakulia. Sisemi alilia kidogo, nasema hakulia kabisa. Siku ya mazishi alikuwa akihesabu sahani. Waliompa pole aliwajibu "asante" kama mtu aliyepishwa njiani. Mimi nililia hadi sauti ikakauka, kisha nikamtazama, na tangu siku hiyo nikamwekea kinyongo. Niliendelea kumsaidia kazini, kukata vitunguu na kubeba masufuria, ila mazungumzo yetu yakawa ya vitunguu na masufuria tu.

Mchezo una sheria moja. Asiyecheza hujifunga kitambaa cheupe kichwani, na ukishakifunga, hupo. Mfalme atapita ubavuni mwako asikuone. Ukitua sufuria mezani, chakula kimejileta chenyewe. Na wewe huruhusiwi kusema neno mbele yao. Mimi sheria hiyo inaniudhi, maana hata ukipiga chafya watu wanajifanya hawajasikia. Wifi aliipenda. Baada ya msiba alikuwa akikifunga kitambaa kabla hatujashuka garini, na mara mbili nilimkuta nacho nyumbani kwake, anafagia.

Likizo iliyopita, asubuhi ya siku ya mwisho, msimamizi wa mchezo alikuja jikoni. Ni mwalimu wa hesabu, mpole, na ilionekana hakulala vizuri kwa ajili ya maneno hayo.

"Mama, samahani. Chakula kinapendeza kwa macho, lakini watu wanasema ni chapwa. Leo hii ni mara ya tatu nawatuliza. Cha mchana kikiwa chapwa tena, watatafuta mpishi mwingine."

"Sawa," wifi akasema, akaendelea kukanda unga.

Kazi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikimtoa kitandani, hilo nalijua. Msimamizi alipoondoka nikamuuliza, "Kwani huonji?"

"Naonja. Sisikii kitu, wifi. Tangu siku ile. Nikitia mdomoni natafuna karatasi."

"Sasa chumvi unatiaje?"

Akanionyesha kiganja. "Mkono unajua."

Ningeweza kumwambia, lete nikuonjee. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza, nikaendelea na vitunguu vyangu, na ninaandika hapa kwamba nilifanya makusudi.

Mchana huo mfalme alikuwa amepangiwa kufa, na chakula kilikuwa cha matanga yake: kunde nyeusi, nyama iliyopikwa na vitunguu hadi ikawa kahawia, mikate yenye ufuta mweusi. Daktari wa meno alilazwa juu ya meza ukumbini, amefunikwa shuka, kitambi kikipanda na kushuka, na kila mtu akijifanya haoni. Wifi alibeba sufuria ya kwanza. Kishikio kilikuwa kimelowa, kwa hiyo akavua kitambaa kichwani, akakikunja, akashikia sufuria. Akaingia ukumbini kichwa wazi. Nilimwona nikiwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimefunga changu, sina ruhusa ya kusema.

Karani mmoja wa benki, siku hizo tatu kamanda wa ngome, akamwona mwanamke aliyevaa nyeusi akimletea maiti chakula. Akapiga goti.

"Pole sana, mama. Ulikuwa mkewe?"

Wifi akatua sufuria. "Ndiyo."

"Alifikwa na nini?"

"Nilikuwa jikoni. Nikamwita aje kula, hakuja. Nikamwita tena. Nikakasirika, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumuuliza. Wakamkalisha mbele, wakampakulia sahani ya kwanza, kamanda akamwambia, "Kula, mama." Akala kwa kuwa walikuwa wakimtazama. Alitafuna polepole, akasimamisha taya.

"Haina chumvi," akasema.

Akajitazama kiganja.

"Chumvi ya kazini nilikuwa naonja. Ya nyumbani ndiyo nilikuwa natia kwa mkono, chembe tu. Kumbe miezi yote hii nampikia yeye."

Maiti ya mfalme, iliyokatazwa kujitikisa, ilitiririkwa na chozi hadi sikioni. Nikavua kitambaa changu, nikafungua mkoba, nikaingia ukumbini na kikopo. Kamanda akanipisha. Nikanyunyiza kwenye sahani ya wifi.

"Onja," nikamwambia.

Akaonja. Hakulia hata hapo, na mimi sikumdai tena chozi.

"Bado," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza.