Grisi Iliyogoma Mlimani

Shadya Rehani hakuwa mtu wa makelele. Hata siku alipowaambia wazazi wake kule Mafiga kwamba anakwenda kujifunza kuendesha mitambo mizito, aliwaambia huku akimenya viazi, kama mtu anayeaga kwenda dukani. Tangu hapo alichimba mitaro Kihonda, akasawazisha viwanja Gairo, na hakuna msimamizi aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ndipo akapelekwa Uluguru kupanua barabara ya mlimani, akakabidhiwa kijiko, mtambo wa kuchimbia, kinachojipaka grisi chenyewe.

"Hapa ni raha tupu," Deogratias, msimamizi wa kazi, alimwambia. "Mambo ya kuzunguka na bomba la mkono kupiga grisi kila ungio yamekwisha. Pampu inasukuma grisi kwenye mirija, kila pini inapata yake, wewe unachimba tu."

Kesho yake alfajiri, ukungu ungali umelala bondeni, Shadya aliwasha kijiko. Taa nyekundu ikawaka usoni pake na kengele ikaanza: pii, pii, pii. Grisi haifiki kwenye pini. Akazima, akawasha tena. Pii, pii.

Akampigia Hashimu, fundi aliyefunga pampu ile. Hashimu alipanda kutoka mjini kwa pikipiki, akafika jua likiwa utosini. Akawasha. Kimya. Taa haikuwaka na grisi ilikuwa ikitoka vizuri.

"Dada Shadya, mashine nzima hii."

"Asubuhi ilikuwa inalia, kaka."

"Labda ulibonyeza vibaya."

Ikawa ndiyo habari ya kila siku. Asubuhi kijiko kinapiga kelele, mchana fundi anakikuta kinatabasamu. Deogratias akachoka kupigiwa simu. "Izibe hiyo kengele, mama, tufanye kazi!" Shadya hakuiziba. Alishuka na lile bomba la mkono aliloambiwa limekwisha kazi, akajilaza kwenye tope kutafuta matundu ya grisi, mengine yakiwa yamefunikwa na mirija ya Hashimu, hayafikiki. Wakulima waliobeba karoti na kabichi kichwani walimpita wakiuliza, "Vipi, dada, barabara bado?" Ungio la ndoo ya kuchimbia likaanza kusaga, sauti ya chuma kukwaruza chuma, nayo ikamkereketa mpaka kwenye meno.

Siku hiyo Hashimu alipokuja mchana na kusema tena kwamba mashine ni nzima, Shadya alilaza ndoo chini, akazima, akaweka ufunguo mfukoni.

"Sichimbi. Utalala hapa, asubuhi utawasha mwenyewe."

"Nilale wapi, dada? Sina hata sweta!"

"Kwa Mama Agnes, nyumba ile pale chini. Ana chumba, na blanketi atakupa."

Deogratias alifoka kwenye simu mpaka salio likaisha. Shadya hakutoa ufunguo.

Asubuhi Hashimu alitoka kwa Mama Agnes amejifunga blanketi kama mgonjwa, meno yakigongana. Akapanda, akawasha. Pii, pii, pii. Akakodoa macho. Akashuka, akafungua mrija mmoja: mkavu. Akafungua tangi, akachokoa grisi kwa kidole, ikang'ang'ania kama ugali wa jana.

"Hii grisi ni nzito mno," alisema taratibu. "Baridi inaigandisha, pampu haina nguvu ya kuisukuma. Jua likiwaka inalainika, ndiyo maana mimi siku zote..." Akafuta kidole kwenye blanketi. "Nisamehe, dada. Nilijaza hii iliyokuwepo stoo, sikufikiria baridi ya huku."

Shadya alitaka kumwambia mengi. Akaishia kusema, "Kanywe chai kwanza, unatetemeka."

Hashimu alirudi na grisi nyepesi, akasafisha mirija yote, na tangu hapo kengele ikanyamaza. Lakini bushi ya ndoo, ile pete ya chuma inayoizunguka pini, ilikuwa imeshalika, na nyingine ikabidi iagizwe Dar es Salaam. Kijiko kikasimama kikiisubiri, nao wakulima wakaendelea kupita na mizigo kichwani, wakiuliza swali lile lile, Shadya akiwajibu "bado" mpaka neno lenyewe likamchosha.

Bushi ilipofika na kufungwa, Deogratias alipiga simu. "Umeona, mama? Si nilikwambia hiyo mashine ni raha tupu?"

Shadya aliutazama mlima uliobaki kuchimbwa, akavuta pumzi, akasema, "Naam, bosi," akakata simu na kuinua ndoo.