Kidole Gumba cha Nelius

Nitasema, na nione wa kuninyamazisha! Dada yangu Nelius si mvivu. Ameolewa Manyatta miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote amechuna majani chai ya shamba zima kwa mikono yake, huku mumewe Ndwiga akichuna maneno sokoni.

Miaka minne iliyopita vidole vilianza kufa ganzi. Kikombe kinamponyoka, vifungo vya nguo vinamshinda. Akapigwa eksirei, mifupa ikaonekana mizima, na hapo ndipo maneno yakaanza. "Mifupa ni mizima, basi huo ni uvivu," Ndwiga akasema, na mama yake akaitikia. Mwaka huu shemeji akatoa kauli ya mwisho: hospitali wakikosa kitu tena, Nelius afunge virago arudi kwetu Kiritiri.

Ndipo nikamtafutia nafasi Embu mjini, kwa daktari wa kupima neva anayekuja mara moja kwa mwezi. Tuliambiwa asipake mafuta siku hiyo. Nelius akamweleza mama mkwe. Weee! "Uende hospitali umepauka, watu waseme hatukutunzi?" Yule mama akampaka mwenyewe, mafuta ya kukamulia ng'ombe, hadi viwiko.

Kufika kwa daktari, vibandiko vya mashine vikakataa kushika kwa mafuta yale. Tukatumwa bombani na sabuni. Ilikuwa Julai, maji ni barafu, na tuliporudi daktari akasema mkono baridi huidanganya mashine, tuupashe joto kwanza. Nikaitia mikono ya dada yangu kwapani mwangu, mmoja huku, mwingine huku, nikimtazama Ndwiga, aliyekuja nasi kusikia majibu, amekaa pale na simu yake.

Kazi ikaanza. Daktari akagusa kifundo cha mkono wa kushoto kwa umeme kidogo. Kidole gumba kikaruka chenyewe. Akahamia wa kulia. Wapi! Akaongeza umeme, Nelius akauma midomo, machozi yakamtoka, lakini kidole hakikutikisika.

"Si ujaribu, Mama Gachoki!" Ndwiga akamfokea mkewe. "Tikisa kidole!"

Daktari, mama mfupi asiyecheka ovyo, akageuka. "Hapa hajaribu mtu. Simuulizi yeye, naiuliza neva. Imebanwa hapa kifundoni miaka mingi, na msuli wa gumba umekufa. Mkono wa kushoto ndio unaanza, huo tutauokoa kwa upasuaji. Wa kulia mmechelewa."

Mmechelewa! Nilisimama nikamwambia Ndwiga yote niliyoyameza miaka minne, na mengine ambayo hata sikujua ninayo.

"Ciku, shusha sauti, watu wako nje," Ndwiga akaniambia.

"Na wasikie!"

Nelius ndiye aliyenishangaza. Alifuta machozi, akamwomba daktari aandike chini ya ripoti, kwa Kiswahili, kwamba mkono huu ni mgonjwa, si uvivu. Daktari akaandika. Tulipotoka, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa, Nelius akamsukumia mumewe ile karatasi kwa kiganja, maana vidole haviishiki.

"Soma."

Ndwiga akaiinamia, akasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti, Baba Gachoki. Uvivu wangu hukuusema kimoyomoyo."