Gari Lenye Kitanda, na Mwanaume Aliyenivunja Mkono

Admin, naomba usitaje jina langu wala mtaa wangu, Morogoro ni ndogo hii. Najua wengi wenu humu ni watoto wangu, basi marahaba kabla hamjaniamkia. Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu, Mluguru wa Mgeta kule milimani, naishi mjini na mwanangu wa pekee. Anayeniandikia ni binti wa jirani. Mimi nasema, yeye anabonyeza.

Mwanangu anatembeza watalii. Juzi kanunua gari kubwa la mtumba, yale ambayo ndani ni nyumba kabisa: jiko, choo, vitanda. Jumamosi anataka kulipandisha Mgeta kulijaribu kabla wageni hawajaanza kulilalia. Akaniambia, "Mama, wewe hujui kuficha kasoro. Twende, ulale humo, uniambie kipi kibaya." Nikacheka, nikakubali. Ndipo akaongeza, "Na baba nimempata, yuko Turiani, anaumwa. Nitamleta. Mlale humo nyote wawili, myamalize." Jamani, kijiko kilinidondoka mkononi.

Ngoja niwaeleze. Enzi za Ujamaa mume wangu alikuwa dereva wa serikali, tunakaa Kilakala, hapa hapa mjini. Wazungu wa mradi fulani walipoondoka waliacha gari la namna hiyo hiyo, na bwana mkubwa mmoja kazini kwake akalitamani kwa ziara za vijijini. Sisi tunasukumana kwenye foleni ya sukari, mwenzetu anatafuta pa kulala penye friji! Mume wangu akaambiwa alikague, naye akanichukua mimi. "Wewe ndiye mwenye kujua jiko," alisema. "Jaribu kila kitu kama uko kwako."

Nikajaribu kweli. Jiko la gesi lilikuwa karibu mno na pazia, nikasema hili litawaunguza watu. Meza ya kukunja ukutani nzuri, ila pembe zake chuma tupu. Kitanda kiko nyuma, godoro nene, sijawahi kulalia la vile. Mume wangu akaenda na ndoo kutafuta maji ya kujaza tangi. Bwana mkubwa naye alikuwa amekuja kuliona, mtu wa tumbo yule, akaingia chooni kupima kama anaenea. Akapaza sauti kutoka mle mle, "Ndugu, hebu jaribu na kitanda, uone kama miguu inafika mwisho." Nikavua kandambili, nikajinyoosha. Mara mlango unafunguliwa. Mume wangu huyo na ndoo yake, ananikuta mimi nimelala, na bwana mkubwa anatoka chooni anafunga mkanda.

Mume wangu aliipeleka ndoo yake kwenye tangi. Alijaza maji, akamrudisha bwana mkubwa ofisini, akamfungulia mlango na kumwambia, "Karibu tena, mzee." Hata kidole hakumgusa. Mimi akaniambia nibaki ndani. Kisha akaliegesha gari nyuma ya gereji, akaingia, akafunga, mkononi ana spana ya magurudumu.

Nyie mnaoyatamani haya magari, nisikilizeni. Njia ya katikati inapita mtu mmoja, huna pa kumkwepea mwenzio. Nilikimbilia nyuma nikaishia kitandani. Alinipiga mkono wa kushoto, mfupa nikausikia ukivunjika. Akanishika nywele akanibamiza kwenye pembe ya ile meza, meno yakanitoka. Nikamlilia, "Nina mimba yako!" Akasema, "Ya nani?" na kuniongezea teke la tumbo. Mafundi walikuwa nje hapo hapo wanapiga soga, hawakusikia kitu, kuta nene na madirisha yamefungwa. Kitasa cha mlango sikukijua, kinasukumwa juu, mimi nakivuta chini. Alipochoka aliketi kitandani, akawasha sigara, akaniambia nifute damu, ile ni mali ya umma.

Sasa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mume analima shamba la ukoo wa mkewe. Kaka yangu aliposikia alishuka na lori la mboga, akamkuta jamaa anakula. Alimtwanga kwa mpini wa jembe mpaka taya likahama, damu ikaingia kwenye ugali. Akamwambia, "Kwetu huna shamba, huna mtoto, huna mke. Nikikuona Mgeta nakufukia." Mume wangu akaondoka, hakurudi. Mimba ilishika kwa kudra za Mungu, ndiye huyu mwanangu. Kaka yangu sasa ni marehemu, na mtoto nilimwambia tu kwamba tuliachana.

Basi juzi nikaona yatosha, nikamwonyesha mkono uliopinda, nikamweleza yote. Mnajua alinijibu nini? "Baba ameshaniambia, mama. Alikukuta na mwanaume. Lakini amesema amekusamehe."

Amenisamehe! Mimi!

Jana nikaingia kulikagua gari la mwanangu. Ni zuri, sibishi. Friji inapoza, madirisha yana neti, mito laini. Kitanda cha baba yake ni cha chini kwa sababu hawezi kupanda, changu kinatazamana nacho. Katikati yetu kuna droo ya visu, inavutika kimya kabisa. Nikaivuta, nikairudisha, nikaivuta tena. Mkono wangu wa kulia ni mzima, unabeba ndoo mpaka leo.

Simuogopi yeye, mzee hata kusimama hawezi. Najiogopa mimi. Mwanangu ameshafua mashuka, anaimba tangu asubuhi, hajawahi kuwa na baba. Nikikataa ataamini kweli nilifumaniwa. Nikipanda, sijui asubuhi tutashuka wangapi. Wanangu, msinionee haya kwa sababu ya umri, semeni: nipande, nisipande?